Kujitolea Darasa la Awali: Namna ya Kumsaidia Mtoto Aseme

Ukipita asubuhi karibu na darasa la awali la shule ya msingi, utawasikia watoto kabla hujawaona. Mwalimu anasema, wao wanaitikia kwa pamoja, na kelele zao zinafika barabarani. Anayepita nje anaweza kudhani watoto hawa wanazungumza sana. Kwa kweli wanaitikia sana, na kuzungumza ni jambo jingine. Mtoto anaweza kukaa darasani tangu saa mbili hadi saa tano bila kutoa sentensi moja iliyotoka kichwani mwake. Mwalimu hana kosa. Yuko peke yake na watoto ni wengi. Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini ziko shule nyingi ambako mwalimu mmoja ana watoto mara mbili au mara tatu ya hao.

Makala haya yanamhusu mtu anayeweza kuipunguza shida hiyo kwa saa mbili tatu za wiki. Anaweza kuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, mama anayemaliza kuuza vitafunwa saa tatu asubuhi, au mzee mstaafu aliyechoka kukaa barazani. Huhitaji kuwa umesomea ualimu. Unahitaji kusoma Kiswahili bila kukwamakwama, kuwa na subira kwa watoto, na kufika siku uliyosema utafika. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Darasa la awali, ambalo wengi bado tunaliita chekechea, ni la mtoto wa miaka mitano hivi, kabla hajaingia darasa la kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu hiyo ya awali kuwa wa lazima Tanzania. Wazazi wengi wakisikia hivyo hutegemea mtoto atoke hapo akijua a, e, i, o, u na kuhesabu hadi mia. Si vibaya, na mwalimu atalishughulikia hilo. Lakini mtoto anaweza kuunganisha silabi za neno "jembe" akalitamka sawasawa na asijue amesoma nini, kwa kuwa hajawahi kulisikia likitumika, au amelisikia kwa lugha nyingine. Atakayoyaelewa kwa macho akiwa darasa la pili ni yale ambayo masikio yake yameshayazoea. Basi wewe hukuja kufundisha herufi. Umekuja ili kila mtoto apate mtu mzima wa kuzungumza naye, mtu anayemsikiliza na kumjibu.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi mahali ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani. Mtoto wa Bariadi aliyelelewa kwa Kisukuma, au wa Kasulu aliyelelewa kwa Kiha, siku ya kwanza anakutana na mambo mawili kwa pamoja: shule na lugha ya shule. Anaweza kunyamaza miezi, na watu wakasema ni mzito wa akili, kumbe yuko bado anasikiliza.

Wala usidhani wazo la kuwatumia wanakijiji wasio walimu limezuka jana. Kuanzia mwaka 2015, mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, uliendesha mafunzo ya utayari wa kuanza shule katika mikoa kama Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora. Watu wa hapo hapo kijijini walifundishwa namna ya kukaa na watoto ambao hawakuwahi kupata elimu ya awali, na hadithi ndizo zilizokuwa kiini cha kazi yao. Zanzibar nako, vituo vya Tucheze Tujifunze, maarufu kwa jina la TuTu, viliwakusanya watoto wa vijiji visivyokuwa na skuli ya maandalizi, wakajifunza kwa vipindi vya redio huku mlezi wa hapo kijijini akiwaongoza.

Nianzie wapi?

Anzia ofisi ya mwalimu mkuu. Usianzie darasani, hata kama mwalimu wa awali ni rafiki yako wa damu. Kabla ya hapo pitia ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, uombe barua ya utambulisho inayosema wewe ni nani na unaishi wapi. Chukua kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, na kama huna, kitambulisho cha mpiga kura. Ukiambiwa kuna mchango wowote wa ofisi, dai stakabadhi.

Mwalimu mkuu naye ana wakubwa zake. Huenda akataka kulifikisha suala lako kwenye kamati ya shule na kumjulisha Afisa Elimu Kata. Usikasirike ukiambiwa urudi wiki ijayo. Shule inayompokea mtu asiyejulikana na kumwingiza kwa watoto siku hiyo hiyo ndiyo ya kuitilia shaka. Baadhi ya shule, hasa za binafsi na vituo vya mashirika, zitakutaka pia ulete hati ya polisi inayoonyesha kwamba huna rekodi ya uhalifu. Hati hiyo ina ada na huchukua siku kadhaa, hivyo uliza mapema kama inahitajika.

Aliye Zanzibar aanzie kwa sheha, kisha aende kwa mwalimu mkuu wa skuli ya maandalizi. Kwa Kenya, madarasa ya awali, yaani PP1 na PP2, yako chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, kwa hiyo mwalimu mkuu atakueleza ni ofisi gani ya kaunti inayohusika na elimu hiyo. Na kama wewe si raia wa nchi uliyopo, hata kujitolea bure kunaweza kuhitaji kibali cha uhamiaji. Lishughulikie hilo kabla hujagusa mlango wa darasa.

Ukiwa mbele ya mwalimu mkuu, eleza jambo lenye mipaka. Ukisema "nataka kusaidia watoto", hajui akupangie nini. Sema hivi: "Mwalimu, naomba kila Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa nne na nusu, nikae na watoto sita sita niwasomee hadithi na kuzungumza nao, mwalimu wa darasa akiwepo." Hapo umemrahisishia. Siku mbili za uhakika zina faida kuliko tano za kubahatisha, kwa sababu watoto wa umri huu huhesabu siku kwa watu. Wakikuzoea Alhamisi, watakungoja Alhamisi.

Mwalimu wa darasa ndiye mwenye nyumba. Mwamkie, muulize wiki hiyo wanafundisha nini, iwe ni familia, wanyama au usafi wa mwili, kisha hadithi zako uzielekeze huko. Ukiona amekosea jambo, usimsahihishe mbele ya watoto. Na akikuomba ufagie au ugawe uji, gawa uji. Kwenye foleni ya uji kuna mazungumzo mazuri kuliko unavyofikiri.

Itanigharimu kiasi gani?

Kidogo, na kubwa kuliko zote ni nauli. Kama shule iko mbali kiasi cha kupanda daladala mbili, tafuta ya karibu. Nauli ndiyo inayoua moyo wa kujitolea kufikia mwezi wa tatu. Karatasi moja ya manila huuzwa kati ya shilingi 500 na 1,000 katika maduka mengi ya vifaa vya shule, maka peni ni kama elfu moja, na kutoa nakala ya ukurasa mmoja ni mia moja au mia mbili. Kwa shilingi elfu kumi unaanza vizuri. Mengine yanaokotwa: maboksi ya dukani, vifuniko vya soda, vibunzi vya mahindi, mbegu, chupa tupu zilizooshwa, kalenda za mwaka jana zenye picha. Kiroba kitupu ukikifungua na kukitandaza kinakuwa chati nzuri ya kuandikia, na hakichaniki kama manila.

Usikusanye fedha kwa wazazi, hata shilingi mia mbili ya karatasi. Tangu Januari 2016 elimu ya awali na msingi katika shule za serikali Tanzania Bara haina ada, na michango yoyote ina utaratibu wake unaopitia kwa mwalimu mkuu, kamati na wazazi wenyewe. Anayejitolea akianza kupitisha daftari la michango, jina lake limekwisha. Malipo pia ulizia mwanzoni. Shule chache hutoa nauli au chai, nyingi hazina cha kutoa. Ni afadhali ulijue hilo siku ya kwanza kuliko kuanza kunung'unika baadaye.

Kitabu kimoja, watoto sita

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Usijaribu kuwasomea watoto themanini kwa pamoja. Walio mbele wataona picha, walio nyuma wataanza kupigana. Chukua sita, tandika mkeka pembeni au chini ya mwembe mahali ambapo mwalimu anawaona, kisha kaa chini nao. Usikae kwenye kiti wao wakiwa chini. Watakuwa wanaangalia magoti yako. Siku nyingine utachukua sita wengine, na mwalimu atakusaidia kupanga zamu ili asiachwe mtu.

Kabla ya kusoma neno lolote, waonyeshe jalada na unyamaze. Atatokea wa kusema kitu. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walitangaza matokeo ya njia ya kusoma ambayo mtoto anageuzwa kuwa msimuliaji na mtu mzima anakuwa msikilizaji mwenye maswali. Njia hiyo imeenea dunia nzima, na haihitaji chombo chochote. Unauliza, unalipokea jibu, unalirefusha kidogo, kisha unamwachia mtoto alirudie. Inakwenda namna hii:

"Unaona nini hapa?"

"Kuku."

"Naam, kuku. Kuku mwekundu anakimbia. Anamkimbia nani?"

"Paka."

"Ee, kuku mwekundu anamkimbia paka! Hebu tusemeni sote."

Mtoto alikuja na neno moja, ameondoka na sentensi, na hakuna aliyemwambia amekosea. Kitabu cha kurasa kumi na mbili kitachukua dakika ishirini kwa mwendo huo, nazo dakika ishirini ndiyo kipindi kizima cha awali. Msipokimaliza si neno.

Ukishauliza swali, ngoja. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Utaona muda mrefu, utatamani kujibu mwenyewe au kumpa yule mtoto mjuaji ambaye mkono wake uko juu muda wote. Jizuie. Mtoto anayefikiri kwa Kisukuma na kujibu kwa Kiswahili anahitaji hizo sekunde tano kuliko anavyohitaji hadithi yenyewe.

Maswali nayo hayalingani. "Huyu ni simba?" linajibiwa kwa ndiyo, na mazungumzo yanafia hapo. "Simba anataka kufanya nini?" linamlazimu atafute maneno. Zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile linalotoka kitabuni kwenda nyumbani kwake: "Kwenu nani huchota maji?" Hapo hata mkimya hujikuta anasimulia.

Soma kitabu kile kile tena, na tena. Watu wazima tunachoka, watoto hawachoki. Mara ya kwanza wanajua nini kimetokea. Mara ya pili wanaanza kushika maneno. Mara ya tatu wape wao kitabu, wageuze kurasa na kukusimulia wewe, hata kama wanabuni nusu yake. Katika kila hadithi chagua maneno matatu mapya tu na uyafanyie kazi kwa mwili: kama neno ni "nyata", simameni mnyate hadi mlangoni na kurudi; kama ni "mzito", wapokezane jiwe na unyoya. Maneno kumi kwa siku moja hayakai.

Mtoto akikosea Kiswahili

Atakosea, na atakosea hasa kwenye ngeli, yaani vile vikundi vya majina vinavyotufanya tuseme kiatu changu lakini nyumba yangu. Atakuja na kusema, "Kiatu yangu imepotea." Usimwambie "si hivyo, sema cha-ngu". Mjibu tu kwa habari aliyoileta: "Kiatu chako kimepotea? Kimepotea wapi?" Amesikia umbo sahihi mara tatu, tena kwa mtu anayejali kiatu chake. Baada ya wiki kadhaa utamsikia akisema mwenyewe. Ukimkatiza kila sentensi atajifunza jambo moja tu, kwamba ni salama zaidi kunyamaza.

Lugha ya nyumbani usiifukuze. Mtoto akikwama na kusema neno kwa Kiha au Kigogo, na wewe unalijua, lipokee na umpe la Kiswahili pembeni yake. Usipolijua, waulize wenzake. Kutafsiri nako ni kazi ya lugha, na watoto wanaipenda. Mtu wa kujitolea anayejua lugha ya kijiji ana thamani kubwa mno darasani, hasa pale mwalimu alipohamishiwa kutoka mkoa mwingine. Akicheka mtoto mwingine kwa sababu ya lafudhi, hilo ndilo la kukemea.

Utaulizwa pia na wazazi kwa nini huwafundishi Kiingereza. Jibu kwa upole kwamba katika shule nyingi za serikali Tanzania Bara lugha ya kufundishia awali na msingi ni Kiswahili, na kwamba mtoto aliyezoea kusimulia, kuuliza na kueleza kwa lugha moja anajifunza ya pili akiwa na kitu cha kusema. Kumfundisha rangi saba za Kiingereza azitaje mbele ya wageni ni mapambo tu.

Michezo isiyohitaji kitabu

Vitendawili tunavyo, na havina bei. "Kitendawili!" "Tega!" Kwa umri huu tega vitu wanavyoviona: kina miguu minne lakini hakitembei, mwalimu hukikalia. Wakishindwa, dai mji wako kama desturi ilivyo, wakupe Tanga au Mwanza, nawe ujigambe uliyoyakuta huko kabla ya kutoa jibu. Baada ya siku chache wageuze wao wawe watega. Kutega ni kugumu kuliko kutegua, maana mtoto anapaswa kukieleza kitu bila kukitaja.

Kupiga makofi kwa silabi ni mchezo mwingine. Silabi ni kipande cha neno kinachotamkwa mara moja: ma-ji, makofi mawili, ma-ta-ta, matatu. Unamwandaa mtoto kusoma bila kumwonyesha herufi. Anza na majina yao wenyewe, wanayapenda. Uwe mwangalifu na maneno yanayoanza na m: m-to-to ni makofi matatu kwa kuwa m inasimama peke yake, lakini mbu-zi ni mawili. Yajaribu nyumbani kwanza, usije ukabishana na mtoto wa miaka mitano na yeye ndiye akawa na haki.

Kama darasa lina kona za kujifunzia, omba kona ya duka. Vifuniko vya soda ni hela, makopo ni bidhaa, mmoja anauza na wengine wananunua. Kaa uwe mteja msumbufu: ulizia bei, omba upunguziwe, dai chenji. Utasikia Kiswahili ambacho hakijawahi kusikika kwenye kuitikia kwa pamoja.

Vitabu nitapata wapi?

Muulize mwalimu kwanza. Vitabu vya hadithi vilivyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania mara nyingine vimefungiwa kabatini ofisini, vikiogopwa kuchafuliwa. Ahidi kuvitunza, osheni mikono, kisha vitumike. Kitabu kinachochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba zina sehemu ya watoto, na ukijiandikisha kwa ada ndogo unaweza kuulizia utaratibu wa kuazima. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukichochea uchapishaji wa hadithi za Kiswahili tangu mwaka 1991, kwa hiyo vitabu vizuri vya hapa hapa nyumbani vipo, ingawa si kila duka la vitabu huviweka mbele.

Mwenye simu ya kupangusa atafute African Storybook, tovuti ya Afrika Kusini yenye hadithi nyingi fupi za picha, zikiwemo za Kiswahili, bure kusoma na kuchapisha. Pakua nyumbani palipo na mtandao, chapisha moja moja kadiri ya mfuko wako. Simu yenyewe usiipeleke kwenye mkeka. Watoto sita wakizunguka kioo kimoja, watatazama kioo tu.

Njia ninayoipenda zaidi ni kutengeneza kitabu na watoto wenyewe. Kunja manila mara mbili, kata, shona katikati kwa uzi. Kila mtoto achore ukurasa wake, akuambie amechora nini, nawe uandike chini maneno yake kama alivyoyasema, kisha umsomee huku ukigusa neno kwa neno. "Huyu ni bibi anapepeta mchele." Mtoto anaona alichokisema kimekaa kwenye karatasi na bado kipo kesho. Hakuna namna nyepesi zaidi ya kumweleza maandishi ni kitu gani.

Mipaka ya kulinda watoto

Usikae na mtoto peke yenu mahali palipofungwa. Mlango uwe wazi, mwalimu awe anakuona. Kumpeleka mtoto chooni ni kazi ya mwalimu, au muende watu wazima wawili. Usimchape wala usimfinye, hata kama wengine wanafanya hivyo. Usimpe mmoja pipi kwa siri. Picha za watoto usizipige na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Ikiwa shule inataka kumbukumbu, mwalimu mkuu atapata ridhaa ya wazazi.

Mtoto anapokuzoea anaweza kukuambia jambo zito: anapigwa, halali, kuna mtu anamshika. Msikilize bila kumhoji kama askari, usimwahidi kuwa utaifanya siri, na umwambie amefanya vema kusema. Siku hiyo hiyo mwone mwalimu mkuu au Afisa Ustawi wa Jamii. Kama anayetajwa ni mtu wa hapo shuleni, nenda moja kwa moja ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya eneo lake, kwa hiyo huombi ruhusa ya mtu kufanya hivyo.

Kuna pia shida za kawaida ambazo jicho lako litaziona mapema. Mtoto anayegeuza kichwa upande mmoja ili asikie, anayetoka usaha sikioni, au ambaye hajibu akiitwa kwa nyuma, huenda hasikii vizuri. Anayefikisha miaka mitano na watu wasio wa nyumbani hawamwelewi asemacho, au hajaweza kuunganisha maneno matatu hata kwa lugha ya kwao, naye anastahili kupimwa. Usimpe jina la ugonjwa. Mwambie mwalimu ulichokiona, yeye amwambie mzazi, na mzazi aanzie zahanati au kituo cha afya, apewe rufaa ya kupimwa masikio. Kuchanganya r na l pekee kusikutie hofu, wengi hunyooka wenyewe.

Nitajuaje kama inasaidia?

Nunua daftari dogo. Wiki ya pili, andika sentensi moja ndefu kuliko zote uliyoisikia kwa kila mtoto wa kundi lako, kama alivyoisema. Rudia baada ya miezi miwili. Aliyekuwa anasema "maji" huenda sasa anasema "mwalimu, maji yamemwagika kwa sababu Juma amenisukuma". Hiyo ndiyo ripoti yako, na ni nzuri kumwonyesha mwalimu na mzazi. Wapo ambao ukurasa wao utabaki na neno moja. Hao wape zamu zaidi, wawili wawili, wala usiwape maswali. Cheza nao duka tu mpaka wachoke kukuona mgeni.

Kama unatafuta kazi au chuo, omba mwishoni barua ya mwalimu mkuu inayoeleza ulichofanya na kwa muda gani. Haikufanyi mwalimu, kwa hilo kuna vyuo vya ualimu vinavyofundisha elimu ya awali, lakini inasomeka vizuri kwenye maombi ya chuo.

Wakati mzuri wa kuanza ni wiki ya tatu au ya nne ya Januari, kilio cha siku za kwanza kikishapoa na uandikishaji ukitulia, au Julai shule zinapofunguliwa tena. Ukikaribia Desemba, nenda ukajitambulishe tu na kuacha barua yako. Muombe mwalimu mkuu akuweke kwenye ratiba ya mwaka mpya, kisha mpigie simu shule zikifunguliwa, maana ofisi za shule zina makaratasi mengi na barua husahaulika.